Kibodi Yangu Ina Homa ya Manjano

Mimi nina kibodi ya miaka ya tisini, ile nzito ambayo ukimrushia mwizi kesi inakugeukia wewe. Niliinunua Kariakoo enzi zile nachapa barua za watu, ikiwa na rangi ya maziwa. Leo ina rangi ya meno ya mla ugoro. Na kinachoniuma zaidi ni kile kitufe kirefu cha chini, cha kuachia nafasi. Herufi zote bado nyeupe, A mpaka Z, chenyewe kimeiva kama ndizi.

Nikajua uchafu tu. Nikasugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa dawa ya meno. Kikatakata kweli, kikawa cha njano inayong'aa.

Fundi wa mtaani akanicheka. "Mzee, hapo unasugua plastiki yenyewe." Kumbe gamba la kibodi, pamoja na kile kitufe kirefu, ni plastiki ya ABS, na humo hutiwa dawa yenye bromini isishike moto upesi. Jua likiipiga miaka, inaiva. Zile herufi ni plastiki nyingine, PBT, haibabaiki. Kwa nini basi kitufe kirefu nacho kisiwe PBT? Kwa sababu PBT ikirefushwa hivyo hupinda kiwandani. Yaani hata kwenye kibodi, mrefu ndiye anayeliwa na jua.

Tiba? Krimu ya saluni ya kubadilishia rangi ya nywele, ile ya peroksaidi asilimia 12. Unapaka, unafunga nailoni, unaanika juani. Jua lile lile! Aliyeroga ndiye aganguaye.

Basi nikaingia saluni ya akina mama. Hapa mjue kwamba mimi nina kipara, na si kile cha kubahatisha, ni kipara kilichohitimu. Dada akanitazama kichwani, akawatazama wenzake.

"Ya nani, baba?"

"Ya Kibodi."

Draya likazimwa. Mama mmoja akatoa kichwa kwenye taulo asikie vizuri. Nikaona nikieleza nitaharibu zaidi, nikalipa nikatoka. Nafika nyumbani, mke wangu kasimama mlangoni, anataka kujua huyo Kibodi anakaa mtaa gani na ana watoto wangapi.

Nikamwonyesha. Hakuamini mpaka nilipoanza kupaka, tena mikono mitupu, kwa sababu fundi alisema nivae glavu na mimi nikaona anajifanya daktari. Vidole vikaanza kuwasha, ncha zikageuka nyeupe kama nimeshika chokaa. Nikaanika saa saba mchana. Masharti ni kugeuza na kuongeza krimu kila mara isikauke. Nikakaa kivulini kuilinda, na kivuli mnakijua. Nimeshtuka saa kumi.

Pale krimu ilipokauka pamebaki na mabaka, pengine peupe, pengine njano, utadhani ramani ya wilaya zilizogawanywa juzi. Kitufe kirefu kimepona nusu, upande wa kushoto. Na fundi bila haya ananiambia hata kule kulikopona unjano unaweza kurudi.

Jioni kijana wangu akaichukua, akaufuata waya mpaka kwenye plagi, duara nene kama kidole gumba. Akaigeuza laptopu yake huku na huku, anatafuta tundu.

"Baba, hii inachomekwa wapi?"

Nikamtuma dukani akaninunulie sukari.