Waliotaka Ryan Day atimuliwe walikuwa na hoja

Tangu Ohio State watwae ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani (ile ya kubeba na kurusha mpira kwa mikono, si soka), Januari 20, 2025, mashabiki wao waliotaka kocha Ryan Day atimuliwe wiki saba kabla yake wamegeuka kichekesho. Wanaambiwa hawana subira, na kwamba lau wangesikilizwa, ubingwa ungepotea. Huenda ni kweli. Ila wanaowacheka ni kama hawakumbuki hasa watu hao walikuwa wakilalamikia nini.

Novemba 30, 2024, Michigan, mahasimu wao wakubwa, walitua Columbus, nyumbani kwa Ohio State, wakiwa wameshinda mechi sita na kupoteza tano. Wenyeji walikuwa wa pili kwa ubora nchini, na kikosi chao, kwa kauli ya mkurugenzi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, kiligharimu takriban dola milioni 20. Wakalala 13-10, nyumbani, kipindi cha pili bila pointi hata moja.

Siku hiyo Ohio State walikimbia na mpira mara 26, wakapata yadi 77. Hazifiki yadi tatu kwa jaribio. Mchezo huu unakudai yadi kumi kwa majaribio manne, na la nne mara nyingi unalazimika kuupiga mpira mbali, kwa hiyo unayo matatu tu. Piga hesabu: kwa mwendo ule hufiki hata tisa. Na walikuwa wakipita katikati, palepale Michigan walipojaza majitu yao, ilhali safu yao wenyewe ya mbele ilishawapoteza Josh Simmons na Seth McLaughlin kwa majeraha. Pembeni alisimama Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye mabeki wa nchi nzima walikuwa wakimhofia, akisubiri pasi. Mtu aliyelipia tiketi ana haki ya kuuliza.

Upande wa Day nao una lake. Kocha hapigi mpira: mpigaji wake wa mateke alikosa milingoti mara mbili, na kwotabeki (mrushaji mkuu wa pasi) Will Howard alirusha pasi mbili zilizonaswa na wapinzani. Baada ya mechi ile rekodi yake ilisomeka ushindi 66, vipigo 10, na wenye rekodi kama hiyo hawaokotwi barabarani. (Wakosoaji watakwambia vinne kati ya vipigo hivyo kumi ni vya Michigan, tena mfululizo.) Kipigo kingine cha msimu, cha Oregon mwezi Oktoba, kilikuwa cha pointi moja, 32-31.

Kilichomwokoa zaidi, kwa maoni yangu, ni mfumo mpya wa mtoano wa timu 12, ulioanza msimu huohuo. Chini ya ule wa zamani wa timu nne, sioni jinsi timu iliyofungwa mara mbili na kukosa hata fainali ya kanda yake ingepenya. Oregon wana sababu ya kununa: walimaliza na kipigo kimoja tu, kutoka kwa timu waliyokwisha kuifunga.

Lakini tazama jinsi fursa hiyo ya pili ilivyotumika. Katika mtoano, dhidi ya Tennessee mpira ulirushwa mbali mapema, robo ya kwanza ikaisha 21-0. Dhidi ya Oregon wakaongoza 34-0, Smith akiondoka na yadi 187. Ni kweli Texas walimbana akaambulia yadi tatu tu, na mechi ile ikaamuliwa na ulinzi. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa umebadilika, kuelekea kulekule jukwaa lilikokuwa likipigia kelele.

Fainali na Notre Dame ilimaliza ubishi, kwangu angalau. Uongozi wa 31-7 ulikuwa umeyeyuka hadi 31-23, dakika zimebaki chache, jaribio la tatu, yadi 11 zikihitajika. Day wa Novemba angekimbiza mpira katikati ili saa itembee. Safari hii Howard alimrushia Smith: yadi 56. Muda mfupi baadaye mpigaji yuleyule aliyekosa mara mbili dhidi ya Michigan akaupitisha mpira kati ya milingoti, ikawa 34-23.