Bosi, mwache keshia akate simu

Ofisini kwetu Kariakoo tulipigwa laki nane kwa simu mbili. Ya kwanza iliingia Jumatatu: "Habari dada, bosi yupo?" Dada wa mapokezi akajibu kwa adabu, kama anavyojibu wateja wote: hayupo, yuko Dodoma, anarudi Alhamisi. Kwangu mimi hapo ndipo tulipoibiwa. Simu ya pili ilikuja kuchukua tu.

Jumanne mchana keshia yuko peke yake, chipsi zinapoa mezani. Mpigaji anajiita wakala wa forodha. Mzigo umekwama bandarini, bosi yuko kikaoni, "kasema nisimsumbue, nimalizane na wewe." Nyuma yanasikika malori. Keshia aliandika namba ya kutumia pesa nyuma ya delivari noti. Nimeiona, tarakimu za mwisho zimepinda kama zimeandikwa ndani ya daladala. Aliniambia moyo ulimkataza, ila aliwahi kumpigia bosi kikaoni akafokewa mbele ya wageni. Akatuma.

Bosi akaamua amkate laki moja kila mwezi. Alikosea, tena sana. Wiki chache baadaye kijana wa stoo alipigiwa na "huduma kwa wateja", akataja namba ya uhakiki ya WhatsApp tunayopokelea oda. Alikaa kimya siku mbili, huku tapeli akiwaomba wateja wetu hela kwa jina letu. Nani angesema, na mfano wa keshia anauona?

Halafu tunaambiwa watu hawana elimu. Elimu ipo! TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanatangaza kila siku: namba ya tapeli itume 15040, na mtandao wako ukikupigia utaona 100. Keshia anayajua hayo kuliko mimi. Shida yake ni kwamba alimwogopa bosi kuliko tapeli.

Tumebanana hadi bosi amekubali: hakuna hela inayotoka kabla keshia hajampigia mwenyewe, kwa namba aliyoihifadhi, hata akiwa kikaoni. Mapokezi nako safari za bosi hazitajwi, anayemtaka anaacha namba.

Juzi bosi kapiga kwa simu ya mtu, yake imezima chaji, anataka mafuta ya jenereta yanunuliwe. "Samahani mzee, nakata. Ikiwaka nitakupigia." Akakata kweli. Bosi alirudi kanuna, mafuta yakanunuliwa kesho yake.

Makato bado miezi mitano.