Ukuta wa Berlin: Mkono wa Mataifa Makubwa na Mkono wa Ulbricht

Ukuta wa Berlin huelezwa mara nyingi kama ugomvi wa Marekani na Umoja wa Kisovyeti ulioangukia vichwa vya Wajerumani. Maelezo hayo yana ukweli mwingi, lakini yanampunguzia lawama mtu ambaye, kwa maoni yangu, anastahili kubeba fungu kubwa: Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki.

Kwamba mji uligawanyika kwa sababu ya mataifa makubwa, hilo halina ubishi. Mwaka 1945 washindi wa vita waliigawa Ujerumani katika kanda nne, na Berlin, iliyokuwa ndani kabisa ya kanda ya Wasovyeti, ikagawanywa vivyo hivyo. Mpango huo ulitegemea wakubwa hao waendelee kupatana, nao hawakupatana. Juni 1948, baada ya mataifa ya Magharibi kuleta sarafu mpya, Stalin, kiongozi wa Wasovyeti, alifunga barabara, reli na njia za maji za kuingia sehemu za mji zilizoshikwa na mataifa hayo, yaani Berlin Magharibi, na kwa karibu miezi 11 wakazi wake wapatao milioni mbili waliletewa kwa ndege chakula na hata makaa ya mawe. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili za Kijerumani.

Hata hivyo, kugawanyika si kuzungushiwa ukuta. Kwa miaka 12 zaidi watu walivuka Berlin kwa treni za mjini, na maelfu waliishi Mashariki huku wakifanya kazi Magharibi. Mpaka kati ya dola hizo mbili ulipofungwa mwaka 1952, Berlin ikabaki kuwa mlango pekee ulio wazi, na hadi 1961 watu zaidi ya milioni 2.5 walikuwa wameihama Ujerumani Mashariki, wengi wao wakiwa vijana, madaktari na mafundi.

Utetezi wa serikali ya Ulbricht haufai kupuuzwa. Ilidai kwamba ilisomesha wataalamu kwa fedha za umma na jirani tajiri akawachukua bure, malalamiko ambayo nchi zetu zinazopoteza wauguzi na madaktari zinayaelewa vizuri. Tena Wasovyeti walikuwa wameng'oa mitambo ya viwanda vya Mashariki kama fidia ya vita, wakati Magharibi ilipokea misaada ya Marekani. Lakini serikali hiyohiyo iliwalazimisha wakulima kuingia katika ushirika, na mwaka 1953 maandamano ya wafanyakazi yalizimwa kwa vifaru vya Kisovyeti. Wengi walikimbia mambo hayo, wala si mshahara peke yake.

Ulbricht ndiye aliyeshinikiza mpaka wa mjini ufungwe, na Khrushchev, kiongozi wa Wasovyeti wakati huo, alisita kwa muda kabla ya kukubali. Tarehe 15 Juni 1961 Ulbricht aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna mwenye nia ya kujenga ukuta. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti seng'enge zikatandazwa. Katika mtaa wa Bernauer Strasse, nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki ilhali njia ya miguu mbele ya milango yake ilikuwa Magharibi. Milango ilipozibwa kwa matofali watu waliruka kutoka madirishani, wazima moto wa Magharibi wakiwadaka kwa vitambaa vizito, na baadhi yao walikufa.

Marekani nayo haiwezi kujitoa. Julai 1961 Rais Kennedy aliahidi kuilinda Berlin Magharibi, na ukuta ulipojengwa aliona afadhali huo kuliko vita. Vifaru vya pande mbili vilipokabiliana Checkpoint Charlie, kivuko cha mpakani katikati ya mji, mwezi Oktoba, kilichogombaniwa kilikuwa haki ya maofisa wa mataifa yaliyoshinda vita kuvuka, si haki ya wakazi wa mji.

Ndiyo maana nasema wakubwa waliuruhusu ukuta na kuustahimili, ila hitaji la ukuta lilikuwa la Ulbricht. Desemba 1963 utawala wa mji wa Berlin Magharibi na serikali ya Mashariki walipatana kuhusu vibali vya sikukuu, na kwa muda wa wiki mbili na ushee watu wa Magharibi wakaingia kuwaona jamaa zao. Vibali hivyo vilikuwa vya upande mmoja: watu wa Mashariki hawakuruhusiwa kwenda kwa jamaa zao, kwani serikali yao ilijua kwamba wengi wasingerudi.