Adamastor haniulizi mimi binti wa nani

Hapa Lisbon kuna kiwanja cha kutazamia mji kiitwacho Santa Catarina. Jua likikaribia kuzama hujaa watu. Kule chini unauona mto Tejo, bandari, na lile daraja jekundu la Aprili 25. Juu imesimama sanamu ya Adamastor, jitu la hadithi za Wareno lililokuwa likiwatisha mabaharia kule Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Halikuwatisha vya kutosha: Aprili 1498 Vasco da Gama alikuwa ashatia nanga nje ya Mombasa yetu.

Jumapili moja watu wa Cape Verde walikuja na kodiani na kile chuma chao wanachokikwaruza kwa kisu. Hiyo ndiyo funaná, ngoma yao. Hapakuwa na harusi wala kadi ya mwaliko. Bibi mmoja, rika la mama yangu, aliweka chini kikapu chake cha sokoni, akavua kitambaa cha shingoni, akanifunga kiunoni. "Lenço," akasema. Nikacheka peke yangu. Kumbe leso! Neno la Wareno hilo, tulibaki nalo pamoja na meza na gereza (ambalo kwao lilikuwa kanisa, ajabu).

Nikaingia uwanjani. Kiuno kilichofunzwa chakacha, ngoma ya wanawake wa pwani yetu, hakishindwi na funaná.

Najua mtasema Ulaya kuna uhuru. Sikubali. Lighthouse, kule kwetu Mombasa, nako kuna bahari, meli zapita karibu utadhani utazigusa, kuna madafu, kachri za muhogo, na magari yaliyofungua muziki hadi vioo vinatetemeka. Mbona hakuna anayeinuka kucheza? Chakacha nimeicheza ndani, wanawake peke yetu, mlango umefungwa, maana nje kila jicho ni la jirani, na kabla sijafika nyumbani mama ashapigiwa simu. Lisbon sikuongeza ujasiri wowote. Ni kwamba hakuna anayemjua mama.

Yule bibi mjukuu wake naye alikuwapo, msichana wa miaka kumi na sita hivi. Alipoanza kukata kiuno mbele ya wavulana, bibi alimwita mara moja tu, kwa sauti ile ile ya mashangazi zangu wa Mji wa Kale. Sikuielewa lugha, lakini mgongo wangu ulinyooka. Msichana akarudi kuketi, kichwa chini. Mimi akaniashiria niendelee.

Nikacheza wimbo mmoja zaidi, nikimtazama yule msichana kwa wivu. Kisha nikafungua kitambaa, nikakikunja, nikamrudishia mwenyewe. Tukaagana bila kuulizana majina.