Maonyesho mapya ya Lubumbashi yaongee Kiswahili

Kituo cha sanaa cha mtaani kwetu hapa Lubumbashi kimefungua maonyesho mawili mapya: moja la picha za kuchora, lingine la picha za kamera. Kazi zenyewe ni nzuri sana, na nawaomba wote walio mjini wafike kuziona. Kinachoniuma ni vile vikaratasi vilivyobandikwa pembeni ya kila picha. Vyote ni vya Kifaransa, tena Kifaransa cha wasomi wa chuo kikuu. Cha Kiswahili hakuna hata kimoja.

Na picha hizi hazikutoka mbali. Ni za komini zetu, yaani mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba, za bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na ule mlima mweusi wa makapi ya madini ulio ubavuni mwake. Watu waliochorwa humo wanaongea Kiswahili tangu wanapoamka hadi wanapolala. Ni kwa nini basi mtu aone sura ya baba yake ukutani, halafu asiweze kusoma kilichoandikwa juu yake?

Katika mji huu picha na maneno vilizaliwa pamoja. Kabla ya kituo chochote cha sanaa kutujia na taa zake, watu wa Lubumbashi walikuwa wakinunua picha kwa wachoraji wa mtaani na kuzitundika sebuleni. Miaka ya 1970 ungeingia nyumba ya mfanyakazi wa kawaida ukakuta mamba muntu ukutani, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au picha ya ukoloni wa Mbelgiji yenye askari, mfungwa na fimbo. Nyumba nyingine ilikuwa na inakale: mtu yuko juu ya mti, huku simba, nyoka na mamba wakimsubiri. Mgeni akiketi, mwenye nyumba anaanza kueleza. Mgeni naye anaongeza ya kwao. Picha ilinunuliwa kwa ajili ya mazungumzo hayo.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alilijua jambo hili kuliko wote. Aliyezaliwa 1947, alichora historia nzima ya nchi yetu ya Kongo katika picha zaidi ya 100, nyingi juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, tangu enzi za kale hadi Lumumba na yaliyofuata. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha hapa, alikaa naye na kinasa sauti, na Tshibumba akaeleza picha moja baada ya nyingine. Alieleza kwa Kiswahili chetu cha hapa hapa, chenye Kifaransa ndani yake. Leo mkusanyiko ule uko Amsterdam. Msomi wa Ulaya anaweza kusoma maneno ya Tshibumba yakiwa yamechapishwa, lakini kijana wa Katuba anaingia kwenye maonyesho ya mji wake mwenyewe asikute hata neno moja la lugha ileile.

Hata kabla yake, mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyoitwa Hangar. Humo Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga akajaza picha kwa mistari mifupi mifupi, na Bela akapaka rangi kwa ncha za vidole. Nyingi za kazi zile zilisafiri, wanunuzi wakiwa Wazungu. Nasikitika nikiona vituo vyetu vya leo, vinavyoongozwa na watoto wa hapa, bado vinaandaa ukuta kama vile mtazamaji anayetarajiwa atashuka kwenye ndege.

Nilikuwa ndani ya chumba cha picha za kuchora alipoingia mzee mmoja na mjukuu wake. Mzee alikuwa mtu wa Gécamines, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka katika ule mpango wa 2003 ulioitwa wa hiari. Alisimama mbele ya picha ya wanawake waliopanga foleni siku ya posho, kila mmoja na mfuko wa unga kichwani. Mjukuu alijaribu kumsomea karatasi, akakwama kwenye mstari wa pili. Mzee akamgusa bega: "Acha, mutoto. Haikukuwaka vile. Bunga tulikuwa tunabeba na kinga." Kisha akaonyesha kwa kidole pale hiyo kinga, yaani baiskeli, ingepaswa kuegemezwa, namna mfuko ulivyofungwa kwa mpira wa tairi, na nani alishika usukani wakati mwingine anasukuma nyuma. Watu wanne watano tukamzunguka. Mama mmoja akabisha: kwao Kipushi wanawake walibeba kichwani kabisa, yeye mwenyewe alibeba. Wakabishana kwa raha. Kwa muda huo tu ndipo maonyesho yalifunguliwa kweli, hata kama hotuba zilikuwa zimeshasomwa siku ya vernisaji, yaani ya ufunguzi.

Hakuna aliyeandika maneno ya mzee yule. Hilo nalo linaniuma.

Najua nitajibiwa kwamba Kifaransa ni lugha ya shule, na kwamba wafadhili na wageni wa Biennale, yale maonyesho makubwa ya kila miaka miwili, wanakihitaji. Sawa, kibaki. Biennale ya Lubumbashi, iliyoanza 2008 kwa juhudi za msanii Sammy Baloji na wenzake wa kikundi kiitwacho Picha, imeufanya mji huu ujulikane mbali, na ninajivunia. Lakini karatasi ina nafasi ya lugha mbili. Wengine husema Kiswahili chetu si kile cha vitabuni, kwa hiyo kukiandika ukutani ni aibu. Mimi sikubali hata kidogo. Kiandikwe kama kinavyosemwa Katuba. Tshibumba hakungoja kusahihishwa na mtu wa Zanzibar ndipo aeleze kifo cha Lumumba.

Kwa wasimamizi wa kituo chetu ninaomba haya, na ninaomba kwa moyo. Wekeni Kiswahili juu, Kifaransa chini. Fungueni Jumapili mchana, watu wakishatoka misa, kwa sababu saa za kazi anayeweza kuja ni mwanafunzi na mgeni tu. Mama wa soko la Kenya hawezi kuacha meza yake Jumatano saa nne asubuhi. Mwekeni kijana mmoja kila chumba, asiwe mlinzi wa kukataza watu kugusa, awe wa kuwauliza wanaona nini. Na apewe simu ya kurekodi. Maonyesho haya bado yapo ukutani, na mzee yule anakaa komini ya jirani. Anaweza kuitwa wiki hii, na yule mama wa Kipushi pia, wamalize ubishi wao mbele ya mchoraji.