Alice Lakwena: Ukombozi Uliowalaumu Waliokufa

Mwezi Agosti 1986, huko Opit, penye kituo kidogo cha treni kusini-mashariki mwa mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwanamke wa miaka 30 hivi aliyekuwa akitibu wagonjwa na majeruhi alitangaza kwamba roho iliyokuwa ikisema kupitia kwake imemwamuru aache uganga na aunde jeshi. Mwanamke huyo aliitwa Alice Auma, na roho hiyo Lakwena, yaani mjumbe. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, maelfu ya wafuasi wake walikuwa wamevuka Kitgum, Lira, Soroti na Tororo na kukaribia Jinja, kilomita 80 hivi kutoka Kampala, ambako jeshi la serikali liliwasambaratisha. Hadi leo wapo wanaomkumbuka kama mkombozi wa Waacholi, kabila lake la kaskazini mwa Uganda, na wapo wanaomhesabu kuwa tapeli aliyewapeleka vijana machinjioni. Mabishano yao huishia kwenye swali la kama nguvu zake zilikuwa za kweli au la. Kwa maoni yangu swali hilo linaficha jingine lenye uzito zaidi: mafundisho yake yalisema nini juu ya kijana aliyepigwa risasi akafa?

Kabla ya kulijibu, ni haki kuangalia alikuwa akiasi dhidi ya nini. Tarehe 26 Januari 1986, wapiganaji wa NRA, jeshi la waasi lililoongozwa na Yoweri Museveni, waliiteka Kampala na kuiondoa serikali ya Tito Okello, ambaye alikuwa Mwacholi, licha ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi mwezi mmoja tu uliotangulia. Kwa watu wa Luwero, eneo la kaskazini mwa Kampala ambako jeshi la serikali zilizopita, lililojaa askari kutoka kaskazini, lilikuwa limeua raia wengi sana, NRA walikuwa ndio waliokomesha dhuluma. Kwa watu wa Gulu na Kitgum, askari hao hao waliingia kama walipiza kisasi, wakidai bunduki, wakikamata vijana, wakipora na kuua. Wakati huo huo wavamizi kutoka Karamoja walikuwa wakiswaga ng'ombe wa Waacholi bila kuzuiwa na yeyote. Anayesema kwamba Alice aliasi serikali halali iliyokuja kuleta utulivu anasema ukweli wa Kampala. Ukweli wa Opit ulikuwa mwingine.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kumtetea, ambayo wapinzani wake hawapendi kuigusa, inahusu utakaso. Waacholi wanaamini kwamba mtu aliyeua hurudi nyumbani na cen, roho ya aliyeuawa, ambayo humsumbua yeye na jamaa zake mpaka afanyiwe tambiko. Mwaka 1986 askari walioshindwa walirudi vijijini kwa maelfu, wengi wao wakitoka vitani Luwero, na matambiko ya wazee yalikuwa yamewekwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, si kwa jeshi zima. Wengine hawakutaka hata kutakaswa. Walikunywa pombe, walipora majirani na kuwatishia baba zao kwa bunduki. Alice aliwapokea watu hawa. Aliwachomea hirizi zao, akawapaka mafuta ya mti wa shea, akawawekea masharti makali: wasiibe, wasilewe, wasivute sigara, wasilale na wanawake, wasigombane. Wanakijiji waliokuwa wakiwakimbia watu hao sasa waliwaona wakipita kwa mistari huku wakiimba tenzi za Kikristo. Huhitaji kumwamini Lakwena ili kukiri kwamba hilo lilitokea, na kwamba hakuna ofisi ya serikali wala kanisa lililokuwa limeliweza.

Kuna pia suala la yeye kuwa mwanamke. Alikuwa ameachika, kwa kuwa hakujaliwa watoto, na alikuwa akiuza samaki. Katika hali ya kawaida mtu kama huyo asingeulizwa lolote kuhusu vita, lakini maofisa wa zamani wa jeshi walisimama mbele yake wakapokea amri. Wanaopinga kumwita shujaa wa wanawake wanajibu kwamba walimtii Lakwena, roho ya kiume iliyosemekana kuwa ya kapteni wa Kiitalia aliyefariki zamani, wala si Alice. Nakubali kwamba jibu hilo lina msingi. Mamlaka aliyopewa kwa mkopo yaliweza kuondolewa wakati wowote, na wafuasi waliposema kwamba roho imemwacha, hakubaki na kitu.

Tukifika uwanja wa vita, utetezi unakuwa mgumu. Kanuni zake zilimkataza mpiganaji kujificha: asilale chini, asijibanze nyuma ya mti, asijikinge kwa kichuguu. Walisonga wakiwa wima, vifua vimepakwa mafuta, wakiimba, wengine wakiwa na mawe mikononi waliyoambiwa yatalipuka kama mabomu. Nyuki na nyoka walihesabiwa kuwa washirika wao, na ilikuwa mwiko kuwaua. Watetezi husema kwamba mbinu hiyo haikuwa upumbavu, kwani katika mapigano ya mwanzo askari wa NRA walitishwa na umati huo usiojificha, wakakimbia na kuacha silaha. Hilo ni kweli, na jeshi lisilo na bunduki za kutosha lina haki ya kuifanya hofu kuwa silaha. Lakini hofu huisha adui akishazoea kukuona, na mizinga haiogopi nyimbo. Huko Busoga, eneo la Jinja, ambako wenyeji hawakuwa na kisasi chake wala hawakuimba tenzi zake kwa Kiacholi, jeshi lake lilimalizwa.

Watu wa kusini mwa Tanzania wanaijua hali hii tangu 1905, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alipogawa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani. Maji hayo hayakuzuia bunduki za rashasha huko Mahenge, ingawa yaliwaunganisha watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na jambo moja. Naheshimu muungano huo, kama ninavyoheshimu kwamba Walango na Wateso, makabila jirani ya Waacholi, waliingia katika jeshi la Alice bila kuulizwa kabila. Ninachokipinga kiko kwingine. Katika mafundisho ya Lakwena, aliyetii masharti yote hapatwi na risasi. Kwa hiyo aliyepatwa alikuwa mkosaji. Huenda aliiba, huenda alilala na mwanamke, huenda moyo wake haukuwa safi. Mama aliyempoteza mwanawe Jinja alipoteza pia jina jema la mwanawe. Na kiongozi hakuwahi kulazimika kujiuliza kama amri ya kusimama wima ndiyo iliyoua, kwa sababu kila maiti ilikuja na maelezo yake tayari. Hapa ndipo mganga aliyewaponya askari wa Luwero alipogeuka jemadari asiyeweza kukosolewa, na uongozi usiokosolewa ndio uliokuwa kilio cha Waacholi dhidi ya Kampala tangu mwanzo.

Wengi humbebesha pia dhambi za Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA aliyeibuka katika mazingira hayo hayo, akachukua mafuta, masharti na madai ya roho, kisha akawageukia watu wake mwenyewe kwa mauaji na utekaji wa maelfu ya watoto, hadi mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikatoa hati ya kumkamata. Kwamba Alice alimfungulia njia ya kutawala kwa hofu ya roho, sioni jinsi ya kulikana. Lakini hakumwagiza. Alikimbilia Kenya mwishoni mwa 1987, akafungwa gerezani, kisha akaishi katika kambi za wakimbizi Dadaab mpaka alipofariki Januari 2007. Kony aliteka watoto kwa sababu watu hawakumfuata; Alice alifuatwa. Wanaowatia wawili hao kapu moja wanawakosea maelfu waliotoka majumbani kwa hiari yao kwenda kwake, wakati ng'ombe wao walikuwa wamekwisha kuporwa, vijana wao wamekamatwa, na hapakuwa na hakimu wala mbunge wa kumpelekea malalamiko.