Kadi ya chama, kiti cha ubunge na jaji katikati

Tanzania huwezi kugombea udiwani, ubunge wala urais bila kuwa mwanachama wa chama na kupendekezwa na chama hicho. Kwa mbunge sharti hilo linaendelea hata baada ya kuapishwa: Ibara ya 71(1)(e) ya Katiba inasema akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa au kuteuliwa, anapoteza kiti. Kadi inamwingiza bungeni, na ikichukuliwa inamtoa. Mahakama imekataa kugusa la kwanza, ila kila mara inajikuta ndani ya la pili.

La kwanza lilipiganiwa na mwanasiasa wa upinzani, Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubali kwamba raia anaweza kugombea bila chama. Bunge likabadili Katiba kwa Sheria Na. 34 ya mwaka huohuo na kuufunga mlango. Mtikila akarudi, akashinda tena Mei 2006. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakatengua ushindi huo: suala ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikasema Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilimruhusu mgombea binafsi, lakini kura ya maoni haikupigwa.

Hoja ya Mahakama ya Rufani ina uzito. Jaji hapigiwi kura, na mgombea binafsi anahitaji kanuni ambazo hukumu haiwezi kuzitunga. Kenya waliziandika kwenye Katiba ya 2010: anayetaka Bunge la Taifa aungwe mkono na wapigakura 1,000 walioandikishwa, anayetaka Seneti 2,000, na asiwe mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kupanga idadi hizo ni kazi ya mtunga sheria. Shida ni kwamba mtunga sheria aliyeachiwa kazi hiyo Dodoma ameingia kwa kadi, na anayeishika kadi hiyo ni chama chake.

Matokeo yake, siasa iliyofukuzwa mlangoni imerudi mahakamani kama ugomvi wa uanachama. Januari 2014 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipata zuio la Mahakama Kuu dhidi ya chama chake, Chadema, kujadili uanachama wake. Alibaki bungeni hadi kesi ilipomgeukia Machi 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu.

Ya Halima Mdee na wenzake 18 ilikwenda mbali zaidi. Waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu vya wanawake Novemba 2020, chama chao, Chadema, kikasema hakikuwapendekeza, na siku tatu baadaye Kamati Kuu yake ikawafukuza. Baraza Kuu la chama lilitupa rufaa yao Mei 2022, wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2023 jaji akatengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa kuwa waliowahukumu kwenye Kamati Kuu walikaa tena kusikiliza rufaa. Kisheria hilo ni sahihi kabisa. Mtu hawezi kukata rufaa kwa yuleyule aliyemhukumu. Lakini shauri lilipokuwa likizunguka, nao wakiwa bado bungeni, miaka mitatu ya Bunge la miaka mitano ilishakwisha. Katika kesi hizi zuio la muda ndilo hukumu yenyewe.

Je, mahakama ijitoe? Ikijitoa, kikao cha watu wachache kinaweza kufuta kura za jimbo zima kwa jioni moja. Ikiingia, chama kinalazimishwa kuwakilishwa na watu kiliowakana. Naona jibu linategemea kiti. Wa jimbo alipigiwa kura kwa jina lake, kwa hiyo kufukuzwa kwake kusimnyang'anye mpigakura mbunge wake. Wa viti maalumu hakuna karatasi ya kura iliyobeba jina lake. Kiti kinatokana na kura za chama na orodha ya chama, hivyo neno la chama lipewe nguvu zaidi, mradi lisemwe kwa utaratibu wa haki. Ibara ya 71 inawaweka wote kapu moja, na kuwatenganisha ni kazi ya Bunge.

Mahakama nayo ina la kufanya bila kusubiri marekebisho hayo: kesi ya uanachama wa mbunge isikilizwe mfululizo hadi hukumu, na zuio lipewe tarehe ya kwisha tangu siku linapotolewa.